Laptopu ya inchi 17 iwe badala ya kompyuta ya mezani?

SWALI: Nachora ramani za nyumba hapa Dodoma kwa AutoCAD, na ArchiCAD kidogo. Kompyuta yangu ya mezani ni Core i5 ya kizazi cha nne, bado iko kwenye Windows 10, na umeme ukikatika UPS inanipa dakika chache tu za kuhifadhi kazi. Nataka laptopu ya kioo kikubwa ichukue nafasi yake. Muuzaji wa mitumba amenionyesha mbili, bei hazipishani sana. Moja ni inchi 17.3, Core i7-10510U, RAM GB 8, diski ya kawaida ya TB 1, kioo 1600 kwa 900. Nyingine ni inchi 15.6, Core i5-11400H, RAM GB 16, SSD ya GB 512, kadi ya GTX 1650, kioo 1920 kwa 1080. Nimeipenda ya kwanza kwa kioo chake na hiyo i7. Unanishauri nini, fundi?

JIBU: Chukua ya inchi 15.6, ndugu yangu, na moniteri uliyonayo usiiuze.

Tuanze na kioo, maana ndicho kilichokuvuta. Inchi hupimwa kona kwa kona, wala hazikuambii kioo kinaonyesha kiasi gani. 1600 kwa 900 ni pikseli (nukta zinazounda picha) milioni 1.44, 1920 kwa 1080 ni milioni 2.07. Hicho kioo kidogo ndicho kitakachokuonyesha sehemu kubwa zaidi ya ramani, na namba za vipimo utazisoma bila kukuza mchoro kila mara. Kasoro ipo: vitufe na maandishi huwa madogo, na macho yakichoka utaongeza ukubwa hadi asilimia 125, hapo menyu zitakula nafasi. Ungepata inchi 17.3 yenye 1920 kwa 1080 na prosesa ya H, ningekuambia lipa uende. Hiyo uliyoonyeshwa hapana.

Kuhusu i7, soma mpaka herufi ya mwisho. U ni prosesa ya kubana umeme: 10510U ina viini vinne (sehemu za ndani zinazofanya hesabu) na imeundwa kwa wati 15. H ni ya kazi nzito: 11400H ina viini sita, wati 45. Kwenye kuchora mistari ya kawaida tofauti haitakushtua, kwa kuwa AutoCAD hutegemea zaidi kiini kimoja. Utaiona siku unamtolea mteja picha ya nyumba iliyokamilika, viini vyote vikifanya kazi kwa pamoja, na kwenye 3D ambako kadi ya GTX 1650 ndiyo inayobeba mzigo. SSD, yaani diski ya kasi, unaweza kuiongeza baadaye, na RAM pia mara nyingi. Prosesa hizi zimechomelewa kwenye ubao. Ukishanunua, ndiyo hiyo hiyo.

Zote mbili zinakubali Windows 11, na hilo ni muhimu kwako kwa sababu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa yako ya kizazi cha nne haimo kwenye orodha ya Windows 11.

Suala la umeme lataka uangalifu. Laptopu yenye kadi ya picha ikifanya kazi nzito kwa betri hujipunguza nguvu yenyewe, na chaji inaweza kuisha ndani ya saa moja hivi. Umeme ukikatika endelea kuchora, lakini kutoa picha kusubiri urudi. UPS yako usiitupe: iwashie moniteri peke yake. Kwa kuwa moniteri haili umeme mwingi kama kompyuta nzima, itadumu zaidi ya hizo dakika chache.

Ofisini, unganisha moniteri kwa HDMI. Kama ina VGA tu, nunua kigeuzi cha HDMI kwenda VGA. Tumia kiboodi na mausi zako za zamani na uinue laptopu usawa wa macho. Kuinamia kioo kutwa nzima huumiza shingo, kiwe cha inchi 15 au 17. Isikae juu ya kitambaa, matundu ya hewa yako chini, na kwa vumbi la Dodoma feni zisafishwe kila baada ya miezi kadhaa.

Kabla ya kulipa, fungua Command Prompt hapo hapo dukani uandike powercfg /batteryreport. Fungua faili la ripoti litakalotajwa hapo, ulinganishe DESIGN CAPACITY (uwezo wa betri ikiwa mpya) na FULL CHARGE CAPACITY (uwezo wake wa sasa). Kama ya pili iko chini ya nusu ya kwanza, hesabu gharama ya betri mpya kwenye bei. Tazama wati zilizoandikwa kwenye chaja: mashine ya aina hii ikipewa chaja ya wati 65 itafanya kazi kwa kusuasua. Ingia BIOS, mipangilio inayofunguka kabla ya Windows kuwaka, uone kama haina nywila ya kampuni iliyoitumia kwanza. Angalia na kiboodi, kwani mitumba ya Ujerumani huwa na mpangilio wa herufi wa QWERTZ na ya Ufaransa AZERTY, si QWERTY uliyoizoea.

Kazi zako za zamani ziko kwenye diski ya inchi 3.5. Hiyo inahitaji kasha la USB lenye adapta yake ya umeme. Lile dogo la inchi 2.5 halitaiwasha. Nakili kila kitu, fungua ramani kadhaa kwenye laptopu uhakikishe zinafunguka na fonti zake zipo, ndipo uitafutie mashine ya zamani mnunuzi.