Mafundi wa kuosha sofa wanakuja Jumamosi: niandae nini?

SWALI: Jumamosi nimewaita mafundi waje kuosha sofa na zulia nyumbani kwangu Tabata, Dar es Salaam. Sofa ni ya kitambaa, ina madoa ya chai, na mtoto ameikojolea mara kadhaa. Jirani ananishauri niisugue kwa sabuni ya unga Ijumaa usiku ili wakute kazi imepungua. Ni sawa? Na kingine niandae nini?

JIBU: Dada, sabuni ya unga iache kabisa. Jirani ana nia njema, ila hapo kazi inaongezeka. Mashine yetu sisi mafundi inapuliza maji yenye dawa ndani ya kitambaa, kisha inayafyonza papo hapo. Ikikuta sabuni iliyokaukia humo, povu linajaa kwenye tangi la maji machafu, na likipanda hadi kwenye mota linaweza kuiharibu. Fundi atasuuza tena na tena, sponji izidi kulowa. Sabuni isipotoka yote, kitambaa kitabaki kinanata na kitashika uchafu upya haraka.

Ukitaka kutusaidia, fanya kazi kavu. Toa mito uikung'ute nje, kisha ingiza mkono kwenye maungio ya viti: humo mna makombo, sarafu, pini, hata wembe. Kama una mashine ya kufyonza vumbi, pitisha sofa nzima na zulia. Kama huna, brashi kavu inatosha. Vumbi likishalowa ni tope, na tope ni gumu kulitoa kuliko vumbi.

Kubwa kuliko yote ni kumweleza fundi ukweli kuhusu madoa, na umweleze kabla hajawasha mashine. Mwonyeshe kila sehemu mtoto alipokojoa, hata kama imekauka na haionekani. Chumvi za mkojo zinakaa ndani ya sponji, na zikipata maji harufu inaamka. Akijua, ataitibu sehemu hiyo kwa dawa ya vimeng'enya (enzaimu), inayovunjavunja uchafu wa mkojo, na kuifyonza kwa kina. Asipojua, ataosha juu juu, na jioni sebule nzima itanuka. Mweleze pia kila ulichowahi kupaka. Jiki, kwa mfano, huondoa rangi ya kitambaa, na pale ilipokwisha kuondoa rangi hapaoshiki pakarudi. Tena, mabaki ya jiki yakikutana na dawa ya asidi yanatoa gesi ya klorini, ambayo ni hatari kifuani. Kama mna kunguni, semeni mapema kwenye simu. Mafundi hawatawacheka, ila vifaa vyao vinaingia nyumba nyingine baada ya kwako.

Geuza mto wa kukalia utafute lebo. Herufi W maana yake kitambaa kinaoshwa kwa maji, S ni dawa isiyo na maji, WS vyote viwili, na X ni kufyonza vumbi tu. Sofa nyingi zilizotengenezwa hapa kwetu, Keko na kwingineko, hazina lebo. Basi lowesha kitambaa cheupe, ukikandamize kwa dakika moja mahali pasipoonekana, nyuma au chini. Kikitoka na rangi, mwambie fundi.

Umeme usiusahau. Mashine zenye kipasha maji zinaweza kula wati 2,000 au zaidi, sawa na birika la umeme linalochemka muda wote wa kazi. Angalia LUKU ina uniti za kutosha, na usiwashe pasi au jiko la umeme kwenye laini hiyo hiyo. Ekstensheni nyembamba zinapata moto, kwa hiyo onyesha soketi ya ukutani iliyo karibu. Kama mtaani kwenu maji ni ya mgawo, jazeni ndoo usiku. Maji machafu yamwagwe chooni. Nywele na nyuzi zitaziba sinki.

Vitu vya thamani, vyombo vya kioo na nyaya za televisheni viondoe sebuleni, na mtoto akashinde kwa bibi au kwa jirani.

Omba wafike asubuhi. Kwa joto na unyevu wa Dar, sofa iliyofyonzwa vizuri inahitaji kama saa 6 hadi 12 kukauka, na wakati wa masika inaweza kulala hadi kesho yake. Washa feni ielekee kwenye viti, mito uisimamishe kwa ubavu, madirisha yawe wazi. Mvua ikinyesha, funga madirisha uwashe kiyoyozi kama unacho. Mwambie fundi aweke vipande vya nailoni chini ya miguu ya mbao ya sofa na meza, kwa sababu rangi ya mbao inahamia kwenye zulia bichi na doa lake ni kaidi. Vitambaa vya kufunikia visirudishwe hadi sponji yenyewe ikauke: kandamiza kwa nguvu kwa kiganja, ukihisi ubaridi bado kuna maji ndani. Harufu ya uvundo ikijitokeza siku ya pili, mpigie fundi siku hiyo hiyo aje kufyonza tena.