Mhariri Mstaafu Anajibu: Nilipie warsha, au nibaki na muswada wangu?

Toleo lililopita nilisema kwa kupitia tu kwamba si kila warsha ya uandishi inastahili nauli. Barua zikamiminika. Nimechagua nne. Nyinyi mlioniuliza kama warsha hizi zinatoa posho: hapana, wapendwa, hizi si semina za wizara.

Shikamoo Mama Mhariri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kahama. Nina muswada wa riwaya, kurasa 180. Nimeona tangazo la warsha ya siku tatu Dar es Salaam, hotelini, ada shilingi 380,000, malazi ujitegemee. Washiriki 60, kila mmoja atapata cheti, na wanasema wachapishaji watakuwepo. Nafikiria kukopa SACCOS. Niende? Nimeambatisha ukurasa wa kwanza. — Mwalimu, Kahama

Marahaba mwalimu. Usikope.

Wewe ni mwalimu, basi tupige hesabu. Siku tatu. Toa ufunguzi wa mgeni rasmi, ambaye atachelewa. Toa chai ya saa nne, chakula cha mchana, picha ya pamoja na hotuba za kufunga. Ukibakiwa na saa sita za kazi kwa siku umebahatika, jumla saa 18. Kumsoma mtu mmoja kwa haki na kumwambia ulichokiona, hata kama ni ukurasa mmoja tu, kunataka dakika 20. Watu 60 kwa dakika 20 ni saa 20. Hata wakifuta mihadhara yote, muda hautoshi. Kwa hiyo hakuna atakayekusoma. Utakalia kiti kilichovishwa kitambaa cheupe, utaandika daftarini kwamba mhusika lazima awe na mgogoro, utarudi Kahama na cheti. Nimehariri miswada miaka mingi na sijaona hata mmoja uliosomwa mapema kwa sababu umebandikwa cheti cha ushiriki.

Watu 12 kwa dakika hizo hizo ni saa nne. Ndiyo maana warsha ya Tuzo ya Caine (tuzo ya hadithi fupi za waandishi wa Afrika), iliyoanza 2003 na ambayo mwaka 2017 ilifanyika hapa hapa Tanzania, ilikuwa ikichukua watu kiasi hicho, ikawaweka pamoja siku kumi au zaidi. Kila mmoja anaandika hadithi mpya akiwa pale pale, wanasomeana, na waelekezi wanakaa na mtu mmoja mmoja. Mwisho hadithi zinatoka kitabuni. Mshiriki alikuwa halipi. Kwako ilikuwa na ubaya wake, maana ilikuwa ya Kiingereza, lakini nimekutajia ili ujue warsha ya kweli inavyopangwa.

Kabla ya kulipa ada popote, wapigie simu waandaaji. Je, natuma kurasa kabla? Nani atazisoma, naye ameandika au amehariri nini? Chumbani tutakuwa wangapi? Na huyo mchapishaji anakuja kufanya nini: kupokea miswada, au kukuuzia huduma ya kujichapishia kitabu kwa pesa yako? Hili la mwisho likazie. Wakianza kukujibu kwa maneno kama "kujengewa uwezo" na "kupanua mtandao", waage kwa adabu.

Sasa ukurasa wako. Umeanza na jua linalochomoza "likitandaza miale yake ya dhahabu", halafu ndege, halafu umande, halafu jogoo, mistari 14. Chini kabisa ndipo anatokea mnunuzi wa mpunga, anashindilia gunia kwa goti, anaongeza debe juu yake, anashona kichwa cha lumbesa kwa shazia, na mama wa kijana wako anatazama pembeni, hasemi neno, kwa sababu ada ya chuo inatakiwa Jumatatu. Hapo nilivuta kiti. Futa mistari yote 14, anzia kwenye goti la yule mnunuzi. Na ile sentensi "Mama alihuzunika sana moyoni mwake" iondoe. Umeshatuonyesha akiinama kuokota punje zilizomwagika, anazirudisha kwenye ungo. Ukiniambia tena kwamba amehuzunika unanidhania sikuona. Shazia usiiguse. Wahariri vijana watakushauri uandike "sindano kubwa", wakatalie.

Robo saa imetosha kwa hayo, na hilo ndilo ulilokuwa unataka kulinunua kwa 380,000. Toa nakala za sura tatu za kwanza, mpe mwalimu mwenzako anayependa kubisha, na mpe mtu mmoja anayefanya biashara ya mpunga kweli. Huyo wa pili atakusaidia kuliko wote. Muswada ukikomaa, kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Riwaya wanazipokea, na kutuma hakuhitaji hoteli.

Assalam alaykum Bi Mhariri. Naandika riwaya na hadithi fupi kwa Kiswahili tu. Kila makazi ya waandishi niyaonayo, yale ya kualikwa kukaa mahali uandike, iwe Iowa huko Marekani iwe wapi, yataka sampuli ya Kiingereza. Je, nianze kuandika Kiingereza? — Binti wa Kibokoni, Mombasa

Waalaykum salaam binti yangu. Usibadili lugha.

Uchungu wako una miaka zaidi ya sitini. Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Chuo cha Makerere, Kampala. Achebe alikuwepo, Soyinka alikuwepo, Mphahlele alikuwepo. Mwanafunzi wa pale pale aitwaye James Ngugi, ambaye baadaye tulimjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, aliingia kwa hadithi fupi mbili alizoziandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, mwenye mashairi na vitabu vya nathari vilivyokuwa vikisomwa pwani na bara, hakuwa na nafasi, kwa kuwa mkutano ulikuwa wa wanaoandika Kiingereza. Alifariki mwezi huo huo. Ngũgĩ mwenyewe alikuja kuliandika jambo hilo kama aibu ya mkutano ule. Sisi watu wa Tanga, alikozaliwa, hatujalisahau.

Lakini mkutano huo huo una upande wa pili. Ngũgĩ alikuwa na muswada wa riwaya, akampa Achebe. Achebe akausoma, ukafika kwa wachapishaji wa Heinemann, ukatoka mwaka 1964 kwa jina la Weep Not, Child. Mada za ukumbini zilibishaniwa zikaisha. Muswada ulipita mkono kwa mkono nje ya ratiba. Basi siku ukialikwa kongamano lolote, beba kurasa kumi zilizochapwa vizuri ndani ya bahasha, na usizitoe mpaka mtu akuulize unaandika nini. Anayegawa kurasa mlangoni hukimbiwa kama mwenye tiketi za harambee.

Turudi Iowa. Programu ya Kimataifa ya Uandishi, iliyoanzishwa 1967 na Paul Engle pamoja na Hualing Nieh, inapokea waandishi wa lugha yoyote. Hawakuambii uandike Kiingereza. Wanataka uweze kuzungumza na kufanya kazi kwa Kiingereza, na uwape sampuli iliyotafsiriwa wapate kukupima. Wengi wameingia kwa kupendekezwa na balozi za Marekani, kwa hiyo wa kumjua ni afisa utamaduni aliyeko Nairobi. Nikuonye tu kwamba mwaka 2025 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliisitishia programu hiyo ruzuku, hivyo nafasi zinazotegemea fedha za huko usizitundikie moyo.

Cha kufanya ni kutafuta mfasiri na kumlipa kwa kurasa kumi na tano tu, si kitabu kizima. Chagua hadithi ambayo utamu wake hauko kwenye vina wala mafumbo ya Kimvita, maana hayo ndiyo ya kwanza kufa njiani. Keti naye. Akitaka kuweka maelezo kila penye kanga na baraza, mzuie. Msomaji wa Iowa ana akili zake. Akiwa mfasiri mzuri mtagombana, na ni dalili njema.

Kwa Kiswahili chenyewe, mlango mpana ninaoujua ni ile tuzo iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye ikaitwa Safal-Cornell. Imekuwa ikipokea hata miswada ambayo haijachapishwa, na haibagui Mkenya wala Mtanzania. Makongamano nayo tunayo, ya CHAUKIDU (Chama cha Ukuzaji wa Kiswahili Duniani), na ya BAKIZA (Baraza la Kiswahili la Zanzibar), lakini hayo ni ya wataalamu. Utasikia mada juu ya riwaya kuliko riwaya. Nenda kama unataka kukutana na wahadhiri, kwa kuwa ndio wanaoamua kitabu gani wanafunzi wasome.

Mama, kikundi chetu cha chuo hukutana Jumamosi kusomeana hadithi. Kanuni yetu: wakati wengine wanatoa maoni, mwandishi anyamaze kabisa. Juzi mmoja aliniambia "hii si fasihi" nami nikakaa kama bubu. Hii kanuni ni ya haki? — Mwanafunzi, Dodoma

Kanuni mmeiokota mbali. Waandishi wa hadithi za kubuni za kisayansi waliokuwa wakikutana mji wa Milford, Pennsylvania, kuanzia 1956 ndio walioifanya ijulikane: mnazunguka duara, kila mmoja anasema kwa zamu kwa muda mfupi, mwenye hadithi anasikiliza, kisha yeye anasema mwisho. Mwaka 1968 warsha ya Clarion ikaichukua, ikasambaa. Angalia vizuri hapo: mwandishi anasema mwisho. Kama kwenu hasemi kabisa, mmechukua nusu ya kanuni.

Mimi naitetea ile nusu ya kunyamaza. Mtu atakayesoma kitabu chako Kigoma hatakuwa na wewe pembeni ukimweleza ulichomaanisha, bora uzoee mapema kumwacha na karatasi. Lakini kwetu majibizano ni sanaa yenye heshima. Muyaka wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana beti, na hakuna aliyeambiwa anyamaze. Kijembe kilijibiwa kwa kijembe, chenye vina na mizani. Changanyeni. Mwandishi aanze kwa kuuliza swali moja ("mliamini kwamba huyu baba angeondoka?"), wasemaji wajibu hilo kwanza, kisha mengine, naye apewe dakika tano za mwisho.

Huyo wa "hii si fasihi" mwambieni kila maoni yaambatane na mstari: ni sentensi ipi iliyokuchosha, ukurasa wa ngapi? Asiyeweza kuuonyesha apite zamu. Na msife moyo mkibaki watu watano. Wanawake waandishi wa Uganda, FEMRITE, kwa miaka mingi wamekuwa na kikao chao cha Jumatatu jioni cha kusomeana huko Kampala. Kikao kama hicho hakiitwi warsha na hakina mgeni rasmi, na naona kimefanya kazi kubwa kuliko mahoteli.

Mama Mhariri, mimi ni nesi Morogoro. Nina likizo Julai na watoto nitawaacha kwa dada yangu. Nasikia ughaibuni wana nyumba za waandishi kujifungia. Sisi je? — Zamu ya Usiku

Wanazo, na nyingine ni za kale. MacDowell, huko New Hampshire, ipo tangu 1907. Mwandishi anapewa kijumba msituni, na chakula cha mchana kinaachwa mlangoni ndani ya kikapu ili asikatizwe. Katika Afrika, mji wa Iseyin nchini Nigeria una makazi ya Ebedi, yaliyofunguliwa 2010 na daktari na mwandishi Wale Okediran, ambapo mtu hukaa wiki sita. Daktari, unasikia nesi? Lakini likizo yako haitoshi kwa hayo.

Nenda Lushoto. Ulizia nyumba za wageni za misheni, zile za masista na za Walutheri. Ni safi, usiku hakuna muziki, na hakuna atakayekuuliza mwanamke peke yako unafanya nini. Kikapu hakitakuja mlangoni, utashuka mezani kengele ikilia. Kabla ya kulipa uliza mambo mawili: kuna meza ya kuandikia yenye kiti kinacholingana nayo (stuli ya kuwekea chai si meza), na simu inashika wapi. Chumba ambamo haishiki, ndicho chako. Dada yako mpe namba ya mapokezi.

Usimchukue shoga yako, hata kama naye anaandika. Usiende na lengo la kumaliza kitabu. Chukua sura moja iliyokukwama, na siku ya kwanza ulale tu, maana mtu wa zamu za usiku anafika na usingizi wa miezi. Halafu Julai kule juu kuna baridi kweli. Beba sweta mbili na soksi nzito, na uwaulize maji ya moto ni saa ngapi, kwa kuwa kwingine kuni huwashwa jioni tu.