Muulize Shangazi Nesi: Homa ya Mtwara kuibukia Guangzhou

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nauza viatu na mikoba hapa mjini. Msimu huu korosho zimenilipa, nataka kwenda Guangzhou, China, kwa mara ya kwanza, siku kumi na nne, nikachague mzigo mwenyewe badala ya kuagiza Kariakoo. Nina presha, na mgongo unanisumbua. Watu wananitisha na chakula cha kule, eti nyoka na vyura. Nibebe dawa gani? – Mama Viatu, Magomeni, Mtwara

JIBU: Marahaba mwanangu. Vyura waache sokoni kwao, hakuna atakayekulisha kwa nguvu. Mitaa ya Xiaobei, wanakofikia Waafrika wengi, wali na kuku utapata, na migahawa ya halali ipo. Maji chemsha kwenye birika la hotelini. Wenyeji wenyewe hunywa ya moto kutwa. Hilo limekwisha.

Ninachokiogopa mimi ni kile utakachoondoka nacho hapa hapa. Malaria haizuki kesho yake baada ya mbu kuuma. Huchukua siku saba, kumi, pengine mwezi na zaidi. Mbu akikuuma Magomeni usiku wa kuagana, homa inaweza kukushika siku ya tisa, umesimama dukani unapatana bei ya mikoba. Na China ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa haina malaria mwaka 2021. Daktari kijana wa kule huenda hajawahi kumwona mgonjwa wa malaria hata mmoja. Utamwambia kichwa, viungo, baridi. Yeye atafikiria mafua.

Mtoto wa kaka yangu alikwenda kusoma Uturuki. Wiki ya pili homa ikampanda, hospitali moja ikampa dawa za mafua, akarudi bwenini. Siku ya nne akawa anaongea maneno yasiyoeleweka. Aliyemwokoa ni mwenzake wa chumbani, kijana wa Songea, aliyewaambia madaktari: "Huyu katoka Mtwara, mpimeni malaria." Mimi nimekaa wodini miaka thelathini na moja, na siku anaondoka sikumwambia neno hilo. Nilimfungia korosho kilo mbili.

Kwa hiyo, lala ndani ya chandarua hadi usiku wa mwisho, hata kama wageni wamejaa barazani. Ukifika, mwombe mwenyeji wako akuandikie kwa Kichina: "Natoka Tanzania, naomba nipimwe malaria." Kikaratasi hicho kikae na pasipoti. Ukipata homa nenda hospitali siku hiyo hiyo, mzigo utakungoja. Ukizidiwa, gari la wagonjwa ni namba 120. Hospitali nyingi hutaka hela mbele, basi kata bima ya safari kabla hujaondoka. Na ukirudi salama usijisahau, maana hapa mbu wanakusubiri.

Dawa ya malaria, mseto, beba dozi moja, vidonge 24 ndani ya boksi lake, lakini usimeze kwa kubahatisha. Guangzhou kuna mbu wa mchana wenye homa ya dengue, na mwenye dengue akimeza diklofenaki au aspirini kwa ajili ya mgongo anaweza kutokwa damu. Pima kwanza. (Dawa ya mseto yenyewe asili yake ni kwao: mwanasayansi wao Tu Youyou aliipata artemisinini, kiini chake, kwenye mmea wa tiba zao za jadi, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ndiyo dawa tunayowapa watu wetu kila msimu wa mvua.)

Vidonge vya presha vikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya paketi zake, pamoja na cheti cha daktari, na uzidishe vya siku kadhaa. Usivimimine kwenye kopo la mafuta ya kujipaka, nakujueni. Kama dawa ya mgongo ni tramadoli na ndege inapitia Dubai, usibebe hata kimoja bila kibali. Kule huhesabiwa na dawa za kulevya. Na ule unga wa mizizi kwenye mfuko wa nailoni uache Newala. Nani atamweleza mtu wa forodha kwamba ni wa tumbo?

Kwenye ndege inuka utembee, miguu isivimbe.

SWALI: Nilichanjwa homa ya manjano mwaka 2011, kadi imeandikwa mwisho 2021. Nichanjwe tena? – Msafiri, Lindi

JIBU: Hapana, babu. Tangu Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha, hata zile za zamani zilizoandikwa miaka kumi. Hela ya sindano kula samaki. Ila kama kuna mwenzako hajachanjwa kabisa, aende mapema, kwa kuwa kadi yake itaanza kuhesabika siku ya kumi baada ya sindano, na kwenye dirisha la uhamiaji tarehe ndiyo ya kwanza kusomwa.