Maswali ya wachoraji: mto, hewa na taswira majini

Nachora Mto Pangani karibu na Korogwe, lakini milima ya Usambara inaonekana kama imebandikwa mbele. Tatizo nini?

Umeipa milima kijani kilekile cha miti ya ukingoni. Usambara ina misitu, lakini kwa mbali huiva buluu, kwa sababu hewa iliyo katikati hutawanya mwanga, hasa wa buluu, na ukungu na vumbi huzidi kuififisha. Changanya kwanza rangi ya anga la upeoni, kisha itie kidogo kwenye miti ya ng'ambo na kwa wingi kwenye milima. Muhimu zaidi ni giza: weusi mzito ubaki karibu nawe tu. Mlimani, hata kivuli kiwe hafifu na kingo ziwe laini.

Taswira ya mti majini ni mti uleule uliopinduliwa?

Hapana, na hapa ndipo picha nyingi nzuri huharibika. Maji huonyesha kile ambacho jicho lako lingekiona kutoka chini ya uso wake, kwa kina sawa na kimo chako juu ya maji. Kwa hiyo daraja litaonyesha tumbo lake, na mti uliosimama nyuma ya ukingo utapoteza shina lake majini. Kila kitu kishuke wima chini ya chanzo chake. Kwa kawaida sehemu zenye giza huwa na mwanga kidogo zaidi majini, na zile nyeupe hufifia.

Kukiwa na viwimbi?

Taswira hurefuka kuja upande wako na kukatika. Vuta brashi wima kwanza, kisha pitisha mistari michache ya mlalo. Usizidishe.

Rufiji wakati wa masika ni tope tupu. Bado niweke taswira?

Weka. Sehemu za mbali zitaakisi anga vizuri. Karibu na miguu yako tope litashinda. Maji ya tope hupokea pia kivuli halisi, jambo ambalo maji maangavu hayafanyi kwa urahisi. Kivuli hufuata jua, taswira hukufuata wewe, kwa hiyo huenda vikaelekea pande tofauti. Ukivichora hivyo, mto utaonekana umelala bapa chini.

Nitazame kazi za nani?

Claude Monet, mchoraji wa Ufaransa: picha zake za asubuhi za mto Seine, 1896 na 1897. Tazama jinsi ukungu ulivyofuta mpaka kati ya miti na maji, kisha linganisha na picha zake za Thames jijini London, zilizojaa moshi.