Maswali Yenu: Fátima Haina Treni, na Entroncamento Si Stesheni Tu

Tangu niutaje mji wa reli wa Entroncamento, Ureno, hapa wiki mbili zilizopita, maswali hayajakatika. Nusu yake ni swali lile lile limebadilisha kanga. Naanza nalo ili niliondoe njiani.

Sisi ni mahujaji wa parokia moja ya Moshi. Tukifika Lisbon, tupande treni moja kwa moja mpaka Fátima? Kwenye ramani tumeona stesheni yenye jina hilo. – Msomaji, Moshi

Hapana. Hii ni mara ya nne nalijibu, na bado kuna watu wanateremka pale na masanduku yao wakitafuta mnara wa basilika. Stesheni iitwayo Fátima iko Chão de Maçãs, kama kilomita 20 kutoka patakatifu penyewe. Jina limebandikwa kwa ajili ya mahujaji, lakini reli haikuwahi kufika kule juu. Pandeni basi hapo Lisbon, litawashusha Fátima mjini. Na kama safari yenu inaangukia tarehe 13 Mei, kumbukumbu ya siku wale watoto watatu walipotokewa na Bikira Maria mwaka 1917, tafuteni vyumba sasa hivi. Msisubiri kiongozi wa kikundi "aulizie".

Entroncamento maana yake nini? – Msomaji, Bukoba

Makutano ya njia. Pokot Magharibi wana Makutano yao, Wachaga wana Njia Panda ya Himo, Wareno wana huo.

Nimetumiwa picha ya boga kubwa kuliko gari, wanasema limeota Entroncamento. Ni kweli? – Msomaji, Kigamboni

Picha yako ina mtu ameshika simu janja pembeni. Sifa ya Entroncamento kwa maajabu ni ya miaka ya 1950 na 1960, alipotokea mwandishi wa habari wa pale pale aliyekuwa akipeleka magazetini taarifa za mboga zilizopita kiasi na wanyama wa ajabu. Habari zikapendwa, nchi nzima ikacheka, na mpaka leo Mreno akiona jambo lisiloeleweka husema ni "fenómeno do Entroncamento". Wenyeji hawakukasirika, waliligeuza jina la utani kuwa tangazo la mji. Wewe futa hiyo picha, usimtumie shangazi.

Nilibadilisha treni Entroncamento nikielekea Tomar. Nilikaa saa nzima, sikuona kitu. Unausifia nini mji ule? – Msomaji, Nairobi

Ulikaa stesheni, ndugu yangu. Mtu aliyeishia sebuleni hawezi kusema nyumba haina jiko.

Kabla ya reli, pale palikuwa na mashamba na vijumba vya kuhesabu. Mwaka 1862 njia ya mashariki, ile ya kuelekea Uhispania, ilifika. Mwaka 1864 njia ya kaskazini nayo ikakamilika mpaka Gaia, ng'ambo ya mto kutoka Porto. Pale zilipoachana ndipo watu wa reli walipojenga. Eneo lenyewe lilikuwa limegawanywa kati ya Torres Novas na Vila Nova da Barquinha, na ilichukua mpaka tarehe 24 Novemba 1945 wapewe halmashauri yao wenyewe. Hadhi ya jiji walipata mwaka 1991. Halmashauri nzima haifiki kilomita za mraba 14, na ina watu elfu ishirini hivi.

Sasa, watu wanadhani mji wa namna hiyo unalishwa na abiria wanaopita. Abiria anayebadilisha treni ananunua kahawa moja na kwenda chooni. Kilichoulisha Entroncamento ni karakana: watu wa kuchonga magurudumu, mafundi umeme, wapaka rangi wa mabehewa, madereva wa treni waliolala pale kusubiri zamu, wake zao, shule za watoto wao. Toka stesheni utembee mpaka Bairro Camões, mtaa wa nyumba za wafanyakazi wa reli uliojengwa miaka ya 1920. Aliyeuchora ni Cottinelli Telmo, huyo huyo aliyebuni mnara wa wavumbuzi kule Belém ambao kila mtalii wa Lisbon lazima apigie picha. Mnara wanaujua wote. Nyumba alizomjengea fundi wa reli, zenye bustani zake, hawazijui.

Nairobi yako nayo ilizaliwa na reli, mwaka 1899, kwa hiyo ulipaswa kuelewa upesi. Sisi siku hizi tunafurahia stesheni. Tunazijenga za vioo, tunazikalisha mbali na watu kama Syokimau na Miritini, tunakata utepe, halafu tunashangaa mji haukui kuzizunguka. Unapoonyeshwa mchoro wa stesheni mpya, uliza karakana iko wapi na nyumba za mafundi ziko wapi. Morogoro na Tabora, miji ya karakana za reli, wanajua ninachosema.

Ukirudi, nenda pia Makumbusho ya Taifa ya Reli, hatua chache kutoka jukwaani ulipokaa umenuna. Yamo mabehewa ya kifalme na kichwa cha mvuke kiitwacho D. Luís, kilichoundwa Manchester mwaka 1862.

Reli ya Ureno ni SGR kama yetu? – Msomaji, Dodoma

Siyo. SGR ni milimita 1435 kati ya chuma na chuma, Wareno wanatumia 1668, upana wa rasi yao na Uhispania. Si kila treni inayokwenda kasi ni SGR, na si kila SGR inakwenda kasi. Kama unataka kujua upana unavyoweza kukutesa, nenda Kidatu uangalie mizigo ikihamishwa kati ya TAZARA ya 1067 na reli ya TRC ya 1000. Halafu jambo ambalo hukuliuliza: kampuni iliyoshirikiana na Waturuki kwenye mkataba wa kwanza wa SGR yenu, Dar es Salaam mpaka Morogoro mwaka 2017, ni Mota-Engil ya Ureno.

Nataka treni ya usiku Lisbon–Madrid, inapita Entroncamento? – Msomaji, Muscat

Ilikuwa ikipita. Ilisimamishwa Machi 2020 na haijarudi, ingawa blogu za safari bado zinaisifia vitanda vyake. Ipo treni ndogo ya dizeli kutoka Entroncamento hadi Badajoz, ng'ambo ya mpaka, kisha unabadilisha kwenda Madrid. Ni ya polepole, inapita Abrantes na Elvas, na mimi naipenda. Mwenye haraka apande ndege. Mpakani huenda usiulizwe kitu, lakini pasipoti iwe mfukoni. Isiwe kwenye sanduku, wala kwa mwenyeji wako Lisbon.

Kuna habari za treni ya kasi Lisbon–Porto. Si itakuwa neema kwa Entroncamento? – Msomaji, Tanga

Haitapita pale. Njia mpya imechorwa upande wa magharibi, kupitia Leiria na Coimbra. Abiria wa haraka watahama, na maduka ya jukwaani yataumia, sibishi. Lakini mizigo, treni za mikoani, za Tomar na za Beira Baixa, eneo la bara upande wa mashariki, zitaendelea kukutana pale, na karakana bado ziko mikononi mwa CP, shirika la reli, lililozirudisha ndani mwaka 2020 baada ya miaka ya kuendeshwa na kampuni tanzu. Nitaanza kuwa na wasiwasi na Entroncamento siku nitakaposikia mashine za kuchonga magurudumu zinahamishwa.

Makumbusho hayo yanafungwa siku gani? – Msomaji, Zanzibar

Jumatatu.

Nimejifunza Kireno kwa programu ya simu. Nikiuliza "trem" iko wapi, nitaeleweka? – Msomaji, Kampala

Utaeleweka, na watajua mwalimu wako ni Mbrazili. Ureno wanasema "comboio", kama Msumbiji. Jukwaa kwenye ubao wa matangazo limeandikwa "linha" na namba yake. Pale Entroncamento soma hiyo namba mara mbili, maana treni mbili husimama bega kwa bega na moja tu ndiyo ya Tomar.