Kibodi ijaribiwe vipi bila kuchosha vidole?

SWALI: Mhariri, ninatunza programu dhibiti huria (programu ya msimbo wazi inayoendesha maunzi) ya kompyuta mpakato. Kila ninaporekebisha msimbo unaosoma vitufe, huibuka hitilafu nyingine: mara herufi inajiandika mara mbili, mara kitufe ambacho hakijaguswa kinasomeka kimebonyezwa. Nimechoka kujaribu kwa vidole. Nifanyeje? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Ndugu msomaji, tenganisha kwanza kazi mbili: kupitisha umeme katika nyaya na kuzisoma, jambo linalohitaji kifaa chenyewe, na kuamua kama kitufe kimebonyezwa, ambayo ni hesabu tupu. Hesabu hiyo iendeshe kwenye kompyuta ya kawaida, ukiipa kibodi ya kubuni na saa ya kubuni unayoisogeza mwenyewe.

Herufi hujirudia kwa sababu mguso wa kitufe hudundadunda kabla ya kutulia. Programu dhibiti huria ya Chromebook, kwa kawaida, husubiri milisekunde 9 kabla ya kukubali kwamba kitufe kimebonyezwa, na 30 kabla ya kukubali kwamba kimeachiwa. Basi jaribio lako libonyeze, liachie baada ya milisekunde 4, libonyeze tena na kushikilia, kisha lidai taarifa moja tu ya kubonyezwa.

Kitufe cha mzuka, yaani kinachosomeka kimebonyezwa bila kuguswa, kinahitaji uangalifu zaidi. Kila kitufe hukaa kwenye makutano ya waya wa mstari na waya wa safu. Bonyeza mstari wa 2 safu ya 3, mstari wa 2 safu ya 5, na mstari wa 4 safu ya 3. Pasipo dayodi (kijenzi kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye kila kitufe, umeme huzunguka kupitia vitufe hivyo vitatu, na makutano ya mstari wa 4 na safu ya 5 husomeka yamebonyezwa ingawa hakuna kidole hapo. Kwa hiyo, safu mbili zikionyesha mistari miwili au zaidi inayolingana, usomaji huo utupwe na hali ya awali ibaki. Hata hivyo, makutano mengine hayana kitufe kabisa, kwa hiyo hayapaswi kuhesabiwa katika ukaguzi huo; orodha ya vitufe halisi ikikosewa, utamkatalia mtumiaji mchanganyiko ulio halali. Mimi ningeikagua orodha hiyo kabla ya kugusa msimbo wowote.

Kila hitilafu iandikie jaribio linaloshindwa kabla hujairekebisha. Muda wa umeme kutulia, hata hivyo, upime kwenye kifaa chenyewe, kwa sababu waya ukisomwa mapema mno, kitufe cha safu iliyotangulia huweza kuonekana katika safu inayofuata, na kibodi ya kubuni haiwezi kukuonyesha hilo.