Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Zile Kurasa Tupu

Mwanangu mpendwa,

Unasema ulipokuwa ukipanga kabati langu ulifungua daftari la saa za kuruka, ukaona kurasa za mwanzo zimejaa wino hadi pembeni, na za mwisho zina mistari miwili mitatu. Kisha ukaniuliza: "Baba, ulichoka kuruka? Na kama walikunyima ndege, mbona hukwenda kurusha za abiria kama wenzako?" Umeuliza kwa ukali kidogo, mama. Jina la bibi yako hukupewa bure.

Sikuchoka. Jeshini cheo kinapopanda, rubani anashuka. Luteni huruka karibu kila siku kukiwa na mafuta na ndege nzima. Akifika Meja anaanza kugawana siku na mafaili, na akiwa Luteni Kanali hupewa saa za kumtosha asisahau kuruka tu.

Nilipojiunga, jeshi lenyewe lilikuwa limepokonywa jina. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, Jeshi la Wanahewa la Kenya lilivunjwa, likaundwa upya kwa jina la 82 Air Force, na jina la zamani halikurudi hadi 1994. Sisi tulioingia katikati ya miaka hiyo tulitazamwa kwa jicho la pembe, na hatukuwa tumemkosea mtu. Labda ndiyo sababu tulipiga kazi hivyo.

Kule Lanet, kwenye chuo cha kijeshi cha Nakuru, hakuna aliyetuonyesha ndege, tulionyeshwa matope na gwaride. Ndege tuliikuta kambi ya Eastleigh, Nairobi: Bulldog, kindege cha propela chenye viti viwili bega kwa bega, mwanafunzi na mkufunzi wake. Siku mkufunzi aliposhuka akaniambia niende peke yangu, kilichonishtua si woga, ni wepesi. Uzito wa mtu mzima umeondoka, ndege inapaa kabla hujajiandaa! Baadaye tukahamia Tucano, ndege ya mafunzo yenye nguvu zaidi, ambako mkufunzi hukaa nyuma yako. Uso wake huuoni, unasikia sauti tu, na ukimya wake ni mbaya kuliko matusi.

Hapo ndipo tulipotenganishwa. Wengine walipelekwa kwenye helikopta, wengine kwenye Buffalo, ndege za mizigo zinazotua kwenye viwanja vifupi vya vumbi. Waliona wameshushwa hadhi. Mimi leo nakwambia wale wa Buffalo ndio marubani hasa, ingawa zamani nisingelikiri hata kwa viboko.

Mimi nilipata F-5, ndege ya kivita, kule Nanyuki. Zilianza kufika nchini 1978, na baadaye zikaongezwa nyingine zilizokuwa zimetumika Jordan. Ni ndege nyembamba yenye injini mbili na mabawa mafupi sana, na kambi ya Laikipia iko zaidi ya futi 6,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kule ni nyepesi, bawa halipati cha kushika, injini nayo haipumui vizuri. Jua likipanda mambo huwa mabaya zaidi: ndege inahitaji njia ndefu ili ipae, na inaporudi kutua hugusa lami kwa kasi ambayo parashuti ya mkiani ina kazi kweli kuipunguza. Kwa hiyo tulipenda asubuhi, kabla Mlima Kenya haujajifunika. Na tangi ni dogo. Macho yako hayaachi kusoma mafuta hata unapokata kona.

Kona zenyewe ndizo zilizoniachia hii shingo. Ukikata kwa nguvu inayozidisha uzito wako mara sita, mtu wa kilo 75 anakuwa na kilo 450, damu inakimbilia miguuni, na macho yanaanza kuona kijivu pembeni. Unakaza mapaja na tumbo, unapumua kwa mikato mifupi, suti ya rubani inakubana miguu na tumbo ili damu isishuke. Unarudi chini ukiwa umelowa, kisha mnakaa chumbani kuchambua makosa kwa muda mrefu kuliko mlioruka.

Basi nikafanywa mkufunzi. Kazi ngumu ya mkufunzi ni kuweka mikono magotini. Unaona kijana anakosea, unajua atakavyotoka, na lazima umwachie akosee hadi pale ambapo ukichelewa kidogo tena mtakufa wote. Mpaka huo hauko kitabuni. Unatofautiana kwa kila mwanafunzi, na hutofautiana asubuhi na mchana kwa mwanafunzi yuleyule. Tulizika wenzetu, unakumbuka matanga yale, na kila msiba nilijiuliza nani alimfundisha, na nani aliyemfundisha huyo.

Wenzangu walioenda mashirika ya ndege siwalaumu. Mshahara ulikuwa mzuri, na watoto wao walisoma shule nzuri kuliko yenu. Lakini ndege zetu hazikuwa zikibadilishwa, waliobadilika ni marubani. Nanyuki ya saa nane mchana huwezi kuisoma kwenye karatasi za kiwanda, lazima mtu akae akwambie. Na nisijifanye mzalendo mtupu: mama yako alikuwa ameshapata kazi ya ualimu pale mjini, na pensheni ilikuwa imekaribia.

Vijana waliporuka kwenda Somalia mwaka 2011, baadhi yao walikuwa wanafunzi wangu. Mimi nilikuwa mezani nikingoja simu ya kusema wote wametua. Sijawahi kuogopa hivyo nikiwa na usukani mkononi. Daftari halina safu ya kuandika saa za namna hiyo.

Uliuliza pia kama ningeruka tena. Rafiki yangu mmoja ana Cessna, kindege kidogo, pale uwanja wa Wilson, Nairobi, ananisumbua kila wiki twende tukazunguke Ngong. Mama yako amekataa katakata. Bado tunajadiliana, ila shingo yangu imeshampigia yeye kura.

Wasalimu watoto.

Baba yako